Sikuanguka, Nilishushwa

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kama misumari niliyopigilia mwaka huu, nazo hazienei kwenye ndoo moja. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia na presha imekaa mahali pake kama mgeni mwenye adabu. Shemeji naye je, lile jino bado linamtesa? Mwambie aling'oe, mwanaume haogopi koleo. Na wapwa zangu hawajambo? Yule wa mwisho ameacha kula chaki? Mimi huku ni mzima wa afya, tena mzima kuliko nilivyokuwa kijana. Ukiniona leo utajiuliza huyu ni mdogo wangu au ni mtoto wake.

Naandika haraka kabla hujapanda gari. Dereva wa lori la mabati alinifikishia ujumbe wako, na aliutoa mbele ya watu, kwa sauti yako ileile, mkono kiunoni: kwamba umesikia nimeanguka kutoka juu ya paa, kwamba umechoka kulala roho juu kwa ajili yangu, na kwamba mwisho wa mwezi unakuja kunichukua kama mzigo uliosahauliwa stendi, nikakae dukani kwako niuze sabuni na viberiti. Dada, nakuheshimu. Mama alipotutoka ni wewe uliyenilisha, ukanivisha na kunichapa, na vyote vitatu ulivifanya kwa mkono mmoja. Lakini mimi na sabuni wapi na wapi? Mtu aliyezoea kutazama upara wa matajiri kutoka juu, leo umkalishe nyuma ya meza atazame matumbo ya wateja?

Kwanza, sikuanguka. Nilishushwa. Kati ya kuanguka na kushushwa kuna tofauti kubwa, hata embe linaijua. Aliyekuletea habari alikata kichwa akakata na mkia. Mimi nakuletea mnyama mzima. Waite watoto uwasomee, maana wanapenda habari za mjomba wao. Nikifika mahali pa kuwafukuza, nitakuambia.

Tunaezeka ghala la nafaka. Usifikiri ghala la kawaida. Paa lake ni refu hivi kwamba ukisimama mwisho huu, mtu aliye mwisho ule unamwona kama siafu aliyevaa shati. Na jua la mwaka huu si jua la salamu. Juzi kunguru alitua kwenye bati mbele yangu, akaruka hapo hapo, na naapa nilimwona akizunguka chini akitafuta viatu. Mabati ni mapya, yanang'aa kama meno ya mchumba. Jua linakupiga utosini, bati linalipokea linakurudishia kidevuni, unaiva pande zote mbili bila mtu kukugeuza.

Sasa, sisi watu wa paa tuna desturi yetu. Penye mlango wa stoo kuna msumari, na kwenye msumari huo inaning'inia kofia ya mtoto mchanga, ya kufumwa kwa uzi wa manjano, yenye kamba mbili za kufungia kidevuni. Hakuna anayejua ilitoka wapi. Wa kwanza kushuka ngazi kabla ya chakula cha mchana, iwe kwenda kunywa maji au kwenda msalani, anavikwa kofia hiyo na kufungwa kamba, na hivyo ndivyo atakavyofanya kazi mpaka jioni, akiimbiwa nyimbo za kubembeleza watoto. Nimeona baba wa watoto sita akilia kwa kofia ile.

Kwa hiyo watu wa paa hatunywi maji. Hesabu ni rahisi, hata mimi niliyeacha shule darasa la nne (kwa sababu mwalimu alikuwa amemaliza kunifundisha) naiweza: ukinywa utakojoa, ukitaka kukojoa utashuka, ukishuka utavishwa. Dawa yake ni kutokunywa. Unateremsha kikombe cha chai ya rangi alfajiri, basi, umefunga mlango.

Na katika mchezo huo, dada, mfalme nilikuwa mimi. Huku hakuna anayeniita kwa jina langu. Naitwa Ngamia. Kofia ile ilikuwa haijapata kuonja kichwa changu. Kuna siku niliezeka karakana nzima tangu mapambazuko hadi machweo bila tone, na jioni nilipotaka kutema mate, likatoka vumbi. Watu wapo walioshuhudia, ingawa wengine wamehama.

Mwezi uliopita msimamizi wetu, mzee mmoja mkavu anayetembea na futi ya chuma mkononi hata akienda kuoga, alituletea mpishi mpya. Mama mmoja wa makamo, mjane, mnene kiasi, anayepanga foleni ya chakula kwa upawa kama askari wa barabarani, ndiyo maana siku ya kwanza tu akapata jina: Kamanda. Siku hiyohiyo aliweka pipa la maji safi kivulini, akalizungushia gunia lililoloweshwa ili yapoe, akapanga vikombe juu ya kifuniko. Sisi juu tukachungulia, tukacheka. Tulimwona kama mtu aliyefungua duka la miavuli jangwani. Juu ya mama huyu sina la kuongeza kwa sasa.

Basi siku ya tukio. Kuna fundi mwenzangu tunamwita Mrefu, kijana wa miguu mirefu na mdomo mrefu zaidi, ambaye alikuwa ametangaza kwenye chai ya asubuhi kwamba ungamia wangu umezeeka, na kwamba siku hiyo angenivua nundu. Nikamwambia mtoto wa juzi hamfundishi babu yake kukaa kwenye kigoda. Tukapanda. Kila tuliposogeza bati ananiuliza, eti Ngamia, pipa lile unalionaje? Nami najibu kwamba naliona kama sinia la ukweni, sina haja nalo.

Jua likapanda. Nilikuwa nimekaa kwenye mgongo wa paa, mguu huku na mguu kule, kama nimepanda farasi, nikipigilia bati la kufunika kilele. Jasho lilikuwa limetoka mpaka likaacha chumvi nyeupe kwenye shati. Halafu jasho likapungua, nikajisifu moyoni kwamba mwili umezoea. Kumbe mwili haukuzoea, ulikuwa umefilisika. Mara nikasikia kitu kikijipinda ndani ya shavu la mguu wa kulia, kama panya anapojigeuza kitandani. Kabla sijamkemea, akavuta. Dada, misuli ilikaza ikawa jiwe! Vidole vya mguu vikajikunja kama makucha ya kuku. Nikajaribu kuunyosha mguu huu, wa pili ukasema na mimi nimo. Paja likafuata, likafuata tumbo, kisha mkono wa kulia ukafunga juu ya mpini wa nyundo, vidole vikagoma kufunguka.

Sikupiga kelele. Wanaosema nilipiga kelele walisikia bati likitanuka kwa joto.

Pale juu huwezi kumbeba mtu mgongoni. Bati linateleza, ngazi ni ndefu, na mwenyewe nilikuwa nimekakamaa umbo la mpanda farasi. Msimamizi akaamuru nishushwe kwa kamba ya kupandishia mabati. Wakanifunga kifuani na chini ya mapaja, wakaniwekea bati jipya mgongoni nisichubuke, wakaanza kuniteremsha polepole ukutani, miguu imepanuka, nyundo juu, nang'aa nyuma kama sanamu ya shujaa inayopelekwa kusafishwa. Barabarani watu walisimama. Mwendesha baiskeli mmoja aligonga nguzo. Mrefu alishika kamba huku akihesabu kwa sauti, haya, mzigo mmoja wa Ngamia, shusha, shusha, usiukwaruze. Hivyo ndivyo nilivyoshuka. Mtu aliyeanguka hawezi kuchukua muda mrefu namna ile.

Chini alinipokea Kamanda. Hakucheka, hakulia. Alifungua kamba, akanilaza kivulini, akanivua viatu, akaushika unyayo wangu akauelekeza kwangu taratibu mpaka shavu la mguu likalegea, huku akiwaambia wanaume waliosimama kunizibia hewa kwamba kama hawana feni mkononi watawanyike. Akanilowesha shingo na makwapa kwa kitambaa. Kisha akaninywesha maji kidogo kidogo, si kwa pupa, na nilipotaka kugubia kikombe chote akakivuta akaniambia hapa si kwenye birika la ng'ombe.

Zahanati walinipeleka, maana msimamizi hataki lawama. Tabibu wa pale, binti mwenye miwani, aliniuliza mara ya mwisho nimekojoa lini. Nikamwambia kwa fahari, jana. Akauliza rangi yake. Nikasema kama chai iliyosahauliwa jikoni. Akaandika kitu, akatikisa kichwa, akaniambia mkojo unatakiwa uwe mweupe-mweupe wa kukaribia majimaji ya ndimu, ukishaanza kuwa chai ujue mwili unaomba msaada. Nikamweleza habari za ungamia wangu, nikidhani atashangaa. Akasema hata ngamia mwenyewe akifika kisimani hunywa kwanza, hagombani na ndoo. Na akanifundisha jambo ambalo nimelikariri: kwamba kiu ni mgeni anayefika harusi imekwisha. Ukingoja kiu ndipo unywe, umeshachelewa. Unywe kabla ya kupanda, na ukiwa kazini unywe kidogo kidogo kila mara. Tena akaonya kwamba misuli kukaza ni hodi tu. Mtu akiwa kwenye joto akaanza kuchanganyikiwa, kuongea yasiyoeleweka, ngozi inawaka, huyo si wa kumpepea na kumsubiri, apozwe kwa maji huku anakimbizwa hospitali. Mrefu, aliyenisindikiza, akamuuliza kwa unyenyekevu mkubwa kwamba Ngamia akianza kuongea yasiyoeleweka wao watajuaje kwamba ni joto.

Jioni msimamizi akaja kukaa karibu na mkeka wangu, futi yake mkononi, akaikunjua na kuikunja. Akaniambia kazi yangu anaikubali, kilele kilichonyooka kama changu hajakiona kwa mwingine. Lakini hawezi kukaa na mtu anayeshushwa kwa kamba. Akasema: ukishikwa tena, hata kidole gumba tu, paa basi. Utakaa chini ulinde misumari mpaka ghala liishe, na ghala lijalo sikuiti.

Kulinda misumari, dada! Kazi ya mtu asiyekuwa na magoti. Usiku huo nilijiona nimezingirwa: huku sabuni zako, huku misumari yake. Nikajua nisipopata njia ya kukaa juu ya paa bila kukakamaa, umri wangu uliobaki nitaumalizia kwenye kigoda.

Siku mbili nilizoambiwa nipumzike nilizipitisha jikoni kwa Kamanda, nikichambua maharage, maana mkono mtupu haulambwi. Akaniuliza kwa nini watu wazima, wenye akili zao na ndevu zao, wanapita kando ya pipa la maji kama limelala nyoka. Nikamsimulia habari ya kofia. Nilidhani ataona ujasiri ndani yake. Alicheka mpaka akashika nguzo. Akasema amekaa miaka mingi kwenye tanuri la mikate, moto mbele na moto nyuma, na kule kila aliyepita na bakuli la unga alikuwa lazima apige mafunda mawili matatu ya maji mlangoni, na hakuna aliyevikwa nguo za mtoto. Waliokuwa wakitoka jasho mfululizo walitengenezewa maji yao maalumu. Akanionyesha: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vya kusawazisha, si vya mlima. Ukiyaonja yasiwe na chumvi kupita machozi. Jasho haliondoki peke yake, linaondoka na chumvi yako, ndiyo maana mtu aliyekunywa maji matupu siku nzima na hajala kitu naye anaweza kukakamaa. (Wewe mwenye presha usije ukayavamia, muulize daktari wako kwanza.) Na ile chai ya rangi peke yake alfajiri akasema si kifungua kinywa, ni kifunga kinywa.

Kisha akainuka, akaenda mlangoni pa stoo, akaitungua ile kofia ya manjano kwenye msumari, akarudi akaitumia kushikia sufuria ya moto.

Nilifumba macho nikingoja radi. Haikupiga. Waliopiga ni wale wenzangu walipoteremka mchana. Wakapiga kelele kwamba kofia ya kazi imegeuzwa kitambaa cha jikoni. Kamanda akawaambia anayeitaka aje aichukue, iko hapo chini ya sufuria, ila sufuria imejaa mchuzi. Kofia ikabaki, nyeusi kwa masizi upande mmoja, lakini desturi ilikuwa ndani ya vichwa, si kwenye uzi. Mrefu akatangaza kwamba iwe na masizi iwe haina, atakayeshuka kwanza ataivaa.

Asubuhi ya kurudi kazini niliamka mapema. Nikanywa maji kikombe kizima, nikala uji, nikafunga chupa yangu ya maji ya chumvi na sukari kiunoni kwa kamba, nikavaa shati la mikono mirefu. Nikapanda. Juu wote wakanitazama kama wanavyomtazama bwana harusi aliyeachwa mwaka jana. Nikafanya kazi na kupiga funda, kazi na funda. Ikafika ile saa ambayo mtu aliyekunywa maji hujua kwamba maji hayana siri.

Hapo, dada, ndipo ulipokuwa mtihani. Ngazi ilikuwa hatua chache kutoka nilipokuwa. Msimamizi yuko chini na futi yake. Mrefu ameacha nyundo, anatabasamu. Ningeweza kubana. Ningeweza kuacha kunywa kuanzia pale nikajikaza mpaka mchana, jina langu likabaki. Nilikumbuka vidole vilivyokuwa makucha ya kuku, nikakumbuka kigoda cha misumari, nikakumbuka na maneno uliyokuwa ukinichapia zamani, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikasema moyoni, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaweka nyundo, nikashuka.

Nyundo zote zilisimama hewani, vichwa vikajipanga ukingoni kunichungulia. Nilikwenda msalani nikiimba, nikarudi nikiimba. Halafu kabla Mrefu hajafungua mdomo wake mrefu, nikapita jikoni, nikamwomba Kamanda kofia. Alinitazama kidogo, akainua sufuria, akanipa. Ilikuwa bado ya moto. Nikaivaa mwenyewe, nikafunga kamba kidevuni, fundo la kipepeo, nikasimama mbele ya pipa mahali ambapo kila jicho linaniona, nikachota kikombe nikanywa mpaka tone la mwisho. Kisha nikapanda ngazi na kofia yangu.

Walicheka kicheko ambacho nadhani hata wewe huko ulikisikia ukadhani ni lori. Waliniimbia lala mtoto lala. Mimi nikaitikia beti za pili. Lakini mtu akishajivika kofia mwenyewe, dada, kuna nini tena cha kumfanya? Haukupita muda, fundi mmoja mtu mzima, yule wa watoto sita, akasema kwa kuwa kofia imeshapata mwenyewe leo, yeye hana cha kuogopa, akashuka akanywa. Akafuata mwingine. Ikawa ngazi inapanda na kushuka kama mchwa wamepata mbao. Kumbe wote walikuwa wanakauka kwa ajili yangu! Walikuwa wananifuata mimi, nami nilikuwa nafuata sifa.

Akabaki Mrefu peke yake, midomo imekuwa ya unga, akisema sasa yeye ndiye Ngamia. Baada ya mchana paja lake likamkamata kwenye ukingo wa paa, akalala kifudifudi ameng'ang'ania mbao. Aliyemfuata kwa tumbo kwenye bati la moto kama mjusi ni mimi, nikiwa na kofia ya mtoto. Nilimfunga kamba, nikamshika unyayo nikaunyosha taratibu kama nilivyofanyiwa, nikamnywesha kutoka kwenye chupa yangu. Alipopata sauti aliniomba jambo moja tu, nisimshushe kwa kamba mbele za watu. Nikamwambia usiogope mwanangu, ukishushwa vizuri unapendeza. Lakini tulingoja akalegea, akashuka ngazi kwa miguu yake, mimi ngazi moja chini yake, bega langu kwenye nyayo zake.

Jioni ileile msimamizi akaketi na sisi, tukabadili sheria. Sasa kila fundi anapanda na chupa yake, na chuma cha chakula kikigongwa chupa zinakaguliwa. Ambaye yake bado imejaa, huyo ndiye anayevaa kofia. Kamanda ndiye hakimu, na hakuna rufaa. Mabati mazito tunayapandisha alfajiri, jua likiwa utosini tunafanya kazi za kivulini, na mgeni akija kazini hapewi siku nzima ya jua mara moja, anaanza kwa nusu ili mwili uzoee. Tangu siku hiyo nimepanda kila siku ya joto hili, wiki ile mbaya kuliko zote nayo nikiwa juu, na hata kidole gumba hakijanishika. Kilele cha ghala nimekifunga mimi mwenyewe juzi. Msimamizi alipima kwa futi yake, akapima tena, akaikunja, akasema ghala lijalo anataka niongoze paa. Kwa hiyo habari ya misumari imekwisha.

Imebaki habari ya sabuni. Sasa dada, wafukuze watoto wakacheze. Wewe vuta kiti ukae.

Nimekuambia kwamba siku ile nilikauka kwa sababu ya ubishi wa Mrefu. Si uongo, lakini si ukweli wote. Mrefu nilikuwa nimemshinda mara nyingi kwa kupiga funda moja la siri nyuma ya mabati. Siku ile sikupiga. Kisa ni kwamba jikoni kuna dirisha linalotazama paa, na kila niliponyanyua kichwa nilimwona Kamanda ananitazama, nami nikataka aone Ngamia mwenyewe, asiye na mfano. Nilikuwa najionyesha, dada, mtu mzima na mvi zangu, kama jogoo aliyenunuliwa jana.

Wiki iliyopita, tukiwa tunachambua maharage, nilijipa moyo nikamwuliza kama siku ile alivutiwa. Akasema alichokuwa akitazama ni jinsi mtu mzima anavyoweza kuwa mpumbavu kwenye jua kali kiasi kile, na alikuwa ameshatayarisha kitambaa cha maji. Moyo ukaanguka (huo ndio ulioanguka, kama unataka kuwaambia watu kwamba kuna kitu kilianguka). Kisha, bila kuacha kuchambua, akasema kwamba wa kwenye kilele hakumvutia hata kidogo, lakini yule aliyeshuka ngazi wa kwanza, akaja kumwomba kofia ya moto na kujifunga kamba mwenyewe mbele ya wanaume wote, huyo alimfanya aunguze mchuzi.

Nikamwuliza kama huyo anaweza kumposa. Akanijibu kwamba yeye haolewi na ngamia. Nikamwambia ngamia amekufa, ulimlaza mwenyewe kivulini. Akacheka, akaniambia basi kama ni mtu, watu wana wakubwa wao, nimlete mkubwa wangu aseme naye.

Na mimi mkubwa wangu ni mmoja tu hapa duniani.

Kwa hiyo ule mkoba ambao najua umekwisha kuufunga, usiufungue. Njoo nao. Njoo mwisho wa mwezi kama ulivyoapa, tena uje na ile khanga yako ya heshima, ila usije kunichukua, uje kunikabidhi. Atakupenda. Mnafanana: nyote wawili mnashika upawa upande wa kupigia.

Msalimie shemeji na jino lake. Wapwa zangu waambie mjomba wao anatafuta mtu wa kumrithisha kofia, atakayekuwa hanywi maji akicheza juani. Majirani wanaosema nilianguka wasalimie pia, kwa mbali. Na wewe safari yako ni ya jua, dada: beba chupa ya maji, unywe kabla kiu haijabisha hodi, maana huku chupa zinakaguliwa, na hakimu haangalii ukoo.

Wasalaam, ni mimi mdogo wako wa pekee,

aliyekuwa Ngamia.